Maharage Sitini na Manne

Mama yangu alikuwa na goita tangu mimi nikiwa darasa la nne, na wala haikuwa habari. Kule kwetu juu, karibu na Mbozi Misheni, wanawake wengi wa rika lake walikuwa nayo, ndogo au kubwa, na waliishi nayo bila kuifikiria. Tulipikia chumvi ya mawe ya wachuuzi, isiyo na madini joto, na hakuna aliyetuambia kwamba shingo ingekuja kuyadai. Nilipopata kazi ya kufundisha fizikia ndipo nikaanza kumsumbua aende hospitali. Alinijibu kwamba hiyo goita imepalilia naye kahawa miaka yote na haijawahi kumkosea adabu.

Ilipoanza kuwa ngumu upande mmoja na sauti yake ikawa inakwaruza, akakubali. Vwawa wakamtuma Mbeya, Mbeya wakamtuma Dar. Dar wakasema ni saratani ya tezi ya shingo. Wakaikata yote, halafu wakasema kuna mabaki yasiyoonekana kwa macho, na hayo yatafuatwa na dawa ya kunywa, madini joto yaliyotiwa mionzi. Mama alinipigia simu kutoka huko, sauti imekuwa ya kunong'ona, akauliza kama hayo madini joto ndiyo yaleyale yanayoandikwa kwenye pakiti za chumvi. Nikamwambia ndiyo, ila haya hayatulii. Akacheka. Akasema basi yatafanana na mimi.

Alikuwa na haki ya kusema hivyo. Mimi ni mtu wa kusahihisha. Nasahihisha mabango ya barabarani nikiwa kwenye gari, nasahihisha hesabu za wahubiri, nasahihisha watu wazima wanaposema radi imempiga mtu kwa sababu ya shati jekundu. Mume wangu, mtu mpole asiyeniweza, aliwahi kusema siku nitakayozikwa nitainuka kumrekebisha msoma wasifu. Nilijivunia tabia hiyo. Nilidhani kusema kweli ni jambo la heri wakati wote, na kwa kila mtu.

Wakati huo nilikuwa na mimba ya miezi minane. Ilikuwa ya tatu. Mbili za mwanzo zilitoka kabla sijazoea kuzitaja, na hii ya tatu nilikuwa naibeba kama mtu anayevuka mto na ndoo kichwani. Mama aliitaka mimba hii kuliko hata mimi. Katika ukoo wetu mtoto wa kwanza wa binti hubebwa mgongoni kwanza na bibi yake mzaa mama. Kabla ya bibi huyo, mtoto hukaa mikononi tu. Mama alibebwa hivyo, mimi nilibebwa hivyo, na yeye alikuwa ameshanunua kitenge kwa Wazambia pale Tunduma miaka mitatu nyuma, wakati wa mimba ya kwanza. Alikuwa amekifua mara nyingi ili kilainike. Mimba ilipotoka alikikunja. Ya pili ilipotoka akakikunja tena. Aliponiaga kwenda Dar alikitia kwenye begi lake, akaniambia atarudi moja kwa moja nyumbani kwangu Mlowo kunisubiri nijifungue.

Akarudi kweli. Nilisikia bajaji ikisimama, nikatoka, nikamwona anateremka, amepungua, shingoni kovu jekundu lililozunguka kama uzi. Akaniona tumbo lilivyokuwa kubwa. Akaachia begi, akanyoosha mikono yote miwili na kuanza kuja.

Nikasema, "Simama hapo hapo, mama."

Akasimama. Dereva wa bajaji naye akasimama, begi mkononi, anatutazama. Nikaanza kueleza kutoka pale barazani kwa sauti ya darasani, kwamba ndani yake kwa sasa kuna mionzi, kwamba akija karibu inampata mtoto tumboni, kwamba karatasi ya hospitali itakuwa imeandikwa. Mama alishusha mikono polepole. Akaitoa karatasi kwenye begi na kuiweka juu ya ngazi, akarudi nyuma hatua kadhaa ili mimi niichukue. Ilikuwa ya Kiingereza. Ilisema wiki tatu tangu kutoka hospitalini asikae karibu na mjamzito wala mtoto mdogo, alale kitanda chake, atumie vyombo vyake. Alikuwa ametoka siku mbili kabla. Zilibaki siku kumi na tisa. Sikumwambia hata pole ya safari. Nilimwamkia baadaye, akiwa ameshakaa, nikiwa mbali naye kama upana wa darasa.

Nilimpa chumba cha uani tunachowekea mahindi. Niliomba magunia yatolewe, nikaamuru kitanda kiwekwe ukuta wa mbali, nikapima kwa hatua. Mionzi ni kama joto la moto. Ukiwa hatua moja kutoka motoni unaungua, ukisogea hatua mbili hupati nusu ya joto bali robo, hatua tatu sehemu ya tisa. Hesabu hii niliifanya kwa furaha fulani, sina budi kukiri. Miaka yote nilikuwa nafundisha mambo ambayo mimi mwenyewe sikuwahi kuyaona, na sasa yalikuwa yamekuja kulala uani kwangu. Nilimtengea sahani yake, kikombe chake, beseni lake. Mama hakuwa amekula peke yake katika sahani tangu azaliwe. Kwetu ugali hukaa katikati na mikono hukutana humo. Alikula katika ile sahani yake mlangoni, akitutazama sisi tunaokula barazani. Majirani wakaanza kuuliza kulikoni, maana huku kwetu mtu mzima akitengewa chombo, watu hawafikirii mionzi. Wanafikiria mambo mengine, na huyaogopa zaidi.

Siku ya pili au ya tatu mama akaniita. Alikuwa amekaa kwenye kizingiti, mimi nimesimama kwenye migomba.

"Mwalimu," akasema. Aliniita hivyo akitaka kunitania. "Hebu nifundishe na mimi. Daktari amesema baada ya siku nane inapungua nusu. Basi siku kumi na sita imekwisha yote, si ndiyo?"

Hapa ndipo ningenyamaza. Nimekiona kitendo hiki mara nyingi tangu wakati ule, nikiwa napika, nikiwa naandika ubaoni, na kila mara namwona yule mwanamke kwenye migomba anafungua mdomo. Ningesema, karibu hivyo, mama, tuongeze siku tatu za usalama. Angefurahi, na zingetimia siku kumi na tisa kamili. Lakini ilikuwa hesabu yenye kosa, na mimi kosa likipita mbele yangu siwezi kuliacha.

"Hapana mama. Siku nane za pili zinaondoa nusu ya ile nusu."

"Halafu?"

"Halafu nusu ya hiyo."

"Mpaka lini?"

"Kihesabu, haiishi."

Nilimletea na vielelezo. Shuleni tunafundisha kwa Kiingereza, kwa hiyo somo hili sikuwa nimewahi kulisema kwa Kiswahili, na nilikuta sina maneno. Nikaenda jikoni nikahesabu maharage sitini na manne, nikayatia kwenye bakuli la plastiki, nikalisukuma kwake kwa fimbo ya kuangulia maparachichi. Nikamweleza kwamba kila harage tulichukulie ni chembe ya ile dawa. Chembe imejaa kupita kiasi ndani ya kiini chake, haiwezi kukaa na ujazo ule. Kuna wakati itatema kitu, na huo mtemo ndio mionzi, ndio unaoua mabaki ya saratani, ndio pia tunaouogopa kwa mtoto. Ikishatema imetulia, imekuwa kitu kingine kabisa, aina ya hewa isiyodhuru mtu. Kila siku nane, nikasema, toa nusu ya maharage yaliyomo.

Mama alikuwa mwanafunzi mzuri kuliko niliowahi kuwa nao. Aliuliza nani anachagua zipi zitulie leo na zipi kesho. Nikasema hakuna anayechagua. Akauliza kama zinazobaki zimezeeka, kama zinachoka. Nikasema hapana, na nikasema kwa mkazo, kwa sababu hapo ndipo wanafunzi wengi hukosea mtihani. Chembe iliyobaki baada ya siku arobaini ni mpya sawasawa na ilivyokuwa siku ya kwanza. Haikumbuki siku zilizopita. Mama akayachungulia maharage yake muda mrefu. "Basi kuna ambayo itakaa," akasema, na alikuwa amepatia.

Siku ya nane akatoa thelathini na mawili. Hakutaka yapikwe, nikamwambia hayana kitu, ni mfano tu, lakini akayatupa kwenye shimo la taka na kunawa mikono. Siku ya kumi na sita yakabaki kumi na sita. Siku ya kumi na tisa karatasi ya hospitali ikaisha muda wake. Kesho yake nikashikwa uchungu.

Nilijifungua salama, mtoto wa kike mwenye nywele nyingi na sauti ya hasira. Niliporudi nyumbani mama alikuwa amesimama nje ya chumba chake, ameoga, amefunga kitambaa kichwani, na kile kitenge kiko begani. Alijua karatasi imekwisha. Alingoja mimi niseme. Nami nilikuwa nimemshika huyu kiumbe ambaye ndugu zake wawili niliwapoteza, na kichwani naona bakuli lenye maharage kumi na sita. Nikasema, "Tuongeze siku kidogo, mama. Kwa usalama tu."

Akasema, "Sawa, mwanangu. Usalama ni muhimu." Akakitoa kitenge begani na kuingia ndani.

Uzazi wangu ukahudumiwa na mwanamke mwingine. Alikuwa mama wa makamo, wa zile familia za wafugaji waliohamia bondeni Momba, na watoto wake walikuwa wanauza maziwa pale Mlowo. Alikuwa ananiletea lita moja kila asubuhi. Siku aliyomkuta mume wangu anahangaika na maji ya moto, aliweka dumu chini, akakunja mikono ya gauni, akachukua kazi. Alinikanda, alinipikia uji, alimwogesha mtoto kwa viganja vikubwa visivyotetemeka. Wiki ya pili, mtoto akilia, akamtupa mgongoni na kumfunga kwa kanga yake bila kuuliza mtu. Hakuijua desturi yetu. Mama alikuwa kwenye kizingiti chake, akaona. Nilitaka kusema kitu. Mama akanipungia mkono niache, mtoto alikuwa amenyamaza.

Siku ya arobaini na nane harage likabaki moja. Nilikuwa nimeshaamua kwamba inatosha. Nilikuwa nimeshaamua zamani, kusema kweli, lakini kila nikifika mlangoni na mtoto nilijisikia kusubiri kidogo tena. Siku hiyo nikamwendea mama hadi alipokaa, nikasema, "Haya, mbebe mjukuu wako." Yeye akanyanyuka upesi na kurudi nyuma hadi ukutani.

"Hili moja je?"

"Lipi?"

"Hili lililobaki. Halina nusu. Hili linaondoka lini?"

Nikasema, na Mungu ananisikia, nilisema tena kwa sauti ya darasani, "Chembe moja haina siku yake, mama. Inaweza kuondoka sasa hivi, inaweza kukaa miaka. Hakuna anayejua."

"Basi mwondoe mtoto," akasema.

Nilibishana naye mpaka nikalia. Nilimwambia ni mfano, maharage ni mfano, chembe halisi ni nyingi zisizohesabika na karibu zote zimeshatoka. Nilimwambia kitu ambacho bakuli halikukionyesha na mimi mjinga sikukitaja mwanzoni, kwamba mwili wenyewe uliimwaga sehemu kubwa ya dawa kwa mkojo siku zile za kwanza akiwa hospitalini. Aliniuliza kwa upole, "Karibu zote?" Akasema nimepoteza wawili na yeye hatakuwa sababu ya wa tatu. Wiki hiyo akarudi kwake juu kwenye kahawa zake, kwa miguu hadi stendi, begi kichwani.

Likizo ya uzazi ilipokwisha nikarudi kazini, na mada ya kidato cha nne ilikuwa hiyohiyo. Nikawaambia wanafunzi kwamba mionzi imetuzunguka tangu dunia iumbwe, iko kwenye udongo, kwenye matofali ya darasa hili, kwenye ndizi na maharage tunayokula kwa sababu ya potasiamu iliyomo, na kwamba kila mmoja wao aliyekaa pale ana chembe ndani ya mwili wake zinazotema wakati huohuo ninaposema. Wakacheka, wakaanza kusogeana mbali kwenye madawati. Nikiwa nimeshika chaki nikaona nimewaambia watoto sabini wa watu jambo ambalo sikumwambia mama yangu. Nilikuwa nimempa habari ya kwamba haiishi. Sikumpa habari ya kwamba hata mimi ninayo, na mtoto anayo. Nikamaliza kipindi kabla ya kengele.

Nikapanga mama aende kupimwa. Mwanamke niliyesoma naye chuo anafanya kazi mpakani Tunduma, anapima mionzi kwenye vyuma chakavu na mizigo inayovuka, na alikubali nimlete mama siku ya Jumamosi. Mtoto alikuwa na miezi mitatu, nikamwacha na mama wa maziwa. Foleni ya malori ya shaba ilianzia mbali, madereva wamelala chini ya matela, wengine wanafua. Wabadilisha fedha walitufuata na mabunda ya kwacha. Mmoja akamwambia mama, "Mulishani mayo," na mama akamjibu kwa Kiswahili kwamba hajambo, ila hana cha kubadilisha. Alikuwa mchangamfu siku hiyo. Alikuwa amekuja na kile kitenge.

Rafiki yangu alitupokea kwenye kivuli cha kontena. Alimwamkia mama, akaeleza vizuri kabisa, akawasha kifaa chake na kukisogeza kwenye kovu. Kikalia. Tik. Kimya. Tik, tik. Kimya. Tik.

Nilijua kitalia. Kinalia popote, hicho ndicho nilichotaka mama asikie. Rafiki yangu akakisogeza kwenye kontena, kikalia vilevile. Akakielekeza kwangu, kikalia. Akakiweka chini kwenye changarawe, kikalia hata zaidi kidogo. Akasema, "Unaona mama yangu? Wewe na hili jiwe ni sawa. Huna kitu." Mimi nikaongeza yote niliyoyasema darasani, udongo, ndizi, potasiamu. Niliongea haraka, nikichanganya.

Mama alisikiliza mpaka tukamaliza. Akashika shingo yake. "Kwa jiwe sijui," akasema. "Lakini hapa kwangu nimekisikia."

"Mama, hiyo ni ya kawaida!"

"Uliniambia linaweza kukaa miaka. Sasa nimelisikia linavyoongea, halafu unaniambia ni la kawaida." Alimshukuru sana rafiki yangu, akamwombea kazi njema. Njiani kurudi alinunua nyanya. Tulipofika Mlowo hakushuka. Aliendelea na gari.

Sijawahi kuwa na hasira na mtu yeyote maishani kama niliyokuwa nayo kwake miezi iliyofuata. Nilimwona mkaidi na mshamba. Nilisema maneno hayo kwa mume wangu, na yeye kwa mara ya kwanza akanijibu kwamba mama alikuwa anafuata nilichomfundisha, na kama ni ushamba basi umetoka kwangu. Sikulala chumba kimoja naye siku mbili.

Mama alikuja kila siku ya mnada. Alikaa kwenye kigoda karibu na geti, asisogee zaidi. Alileta mayai, ndizi mbivu, mahindi mabichi, na vyote alivipitisha kwa mama wa maziwa ili vioshwe kwanza. Mtoto alikaa, akatambaa, akasimama, na hatua hizo zote mama aliziona kutoka getini. Alimwimbia kwa ile sauti ya kukwaruza iliyobaki. Mtoto alimtazama kama watoto wanavyotazama mgeni, kidole mdomoni. Neno "bibi" lilipotoka, alilisema akiwa mgongoni kwa mama wa maziwa, akimvuta sikio. Mama alikuwepo. Alipiga makofi, akamsifu mtoto kwa kujua kusema. Mama wa maziwa aliona haya, akaanza kumwelekeza mtoto getini, "Bibi yule pale, yule." Mtoto akaficha uso.

Mwaka ukatimia, tukaenda Dar kwa vipimo. Daktari alikuwa mtu mwenye subira. Alimwambia mama kwamba dozi ya mwanzo ilifanya kazi kubwa, ila kuna alama kwenye mapafu, na anahitaji dozi ya pili. Akasema saratani ya aina hii huisikia sana dawa hii, na kwamba ana kila sababu ya kutumaini. Kuhusu ile ya kwanza alicheka, akasema imeshakwisha zamani, angeweza kumbeba mjukuu hata asubuhi ile. Mama alimtazama daktari, kisha akanitazama mimi, na nikaona anapima nani kati yetu anajua. Alikuwa amenisomesha kwa kahawa yake. Alichagua kuniamini mimi. Ile ya pili alipangiwa tarehe, mwezi unaofuata, na kwa daktari akaitikia kwa kichwa.

Siku ya safari kaka yangu alimsindikiza hadi stendi ya Mlowo asubuhi, akamwona ameketi kwenye basi, akaondoka kwenda shambani. Mimi nilikuwa na vipindi hadi mchana. Nikarudi nyumbani nikijua mama yuko maeneo ya Iringa.

Nilimkuta sebuleni kwangu. Hakuwa ameingia humo tangu mimba. Alikuwa anatembea kutoka ukuta hadi ukuta, ameinama kidogo mbele, na mgongoni, ndani ya kile kitenge, alikuwa mwanangu. Mama wa maziwa alikaa sakafuni karibu na mlango, ameshika kichwa. Mtoto alikuwa amelia hadi sauti imekauka, uso umevimba, ameukaza mwili wote kumkwepa mgongo huo asioujua. Mikono alikuwa ameielekeza kwa mama wa maziwa.

Nikauliza basi. Mama akasema ameshuka kabla halijaondoka.

"Na dozi, mama?"

"Sinywi tena. Nikinywa tunaanza upya sitini na manne." Hakusema kwa hasira. Alikuwa anahema, mtoto wa mwaka mmoja si mwepesi kwa mgonjwa wa mapafu. "Hii ya kwanza sijaimaliza. Ya pili nitaimaliza lini? Huyu atakuwa ameolewa. Nimeona afadhali nimchukue leo, na lile moja langu, kuliko nikose kabisa. Mungu anisamehe kama nimemdhuru."

Nikapiga magoti. Nikamshika miguu. Nikamwambia ni wiki tatu tu. Wiki tatu, mama, unakaa uani, siku zinaisha, unatoka, unambeba unavyotaka. Nikamwambia inaisha. Nikarudia, inaisha, mama, inaisha yote, haibaki hata moja. Lilikuwa jibu ambalo ningempa tangu siku ile kwenye migomba, na ndilo pekee alilolihitaji.

Mama alinitazama pale chini kwa huruma kubwa. Kisha akamgeukia mama wa maziwa, akasema kwa ile sauti yake ya kunong'ona, "Umemwona mwanangu? Hajawahi kudanganya tangu azaliwe. Leo kwa ajili yangu anajifunza."

Aliishi miezi minane baada ya hapo.